Dakika kumi na saba kabla ya picha ya kwanza: kisa cha projekta katika Kidato cha Kwanza

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea mwaka 2024 katika shule moja ya sekondari ya kata, Tanzania Bara. Nilikuwa mwalimu wa taaluma wa shule hiyo, na mengi ninayoyaeleza niliyaona mwenyewe nikiwa nimeketi dawati la nyuma na saa mkononi. Jina la shule, la wilaya na ya watu nimeyaondoa, na mambo mawili matatu yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyabadilisha. Mwalimu mhusika nitamwita Madamu, kama wanafunzi wake wanavyomwita. Ameyasoma maelezo haya na ameridhia yatoke.

Naandika kwa ajili ya mwalimu anayepokea watoto wa miaka 13 na 14 kila Januari, ambaye amekabidhiwa kifaa na anatarajiwa kukitumia. Wenzetu wa Kenya wanaopokea Gredi ya 7 katika sekondari msingi, iliyoanza Januari 2023, huenda wakaiona hali yao humu, maana umri ni ule ule na mtoto anatoka kwenye mazoea ya shule ya msingi kuingia kwenye utaratibu asioujua.

Hali ilivyokuwa

Kidato cha Kwanza kilikuwa na mikondo mitatu. Mkondo B, darasa la Madamu, ulikuwa na majina 61 kwenye orodha ya waliopangiwa. Siku ya kufungua shule waliingia 38. Kwa shule ya kata hilo si jambo geni. Ada imefutwa tangu 2016, lakini sare, viatu na madaftari bado ni mzigo wa mzazi, na ingawa agizo ni kumpokea mtoto hata akija bila sare, wazazi wengi huona aibu kumleta hivyo. Kwa hiyo watoto huja kwa mafungu, wengine wiki ya pili, wengine ya nne, wengine Februari imeshaanza.

Mwanzo wa mwaka ulikuwa na uzito wake. Vitabu shuleni kwetu vilikuwa vichache, na kila mwalimu alikuwa anahangaika. Tena watoto walikuwa wanahama kutoka kufundishwa kwa Kiswahili kwenda kufundishwa kwa Kiingereza. Kozi ya kuwavusha tuliiendesha sambamba na vipindi vya kawaida, kwa hiyo mtoto aliyekuwa hajui maana ya neno alilosikia saa mbili asubuhi alikuwa na neno jingine saa tatu.

Vifaa vyenyewe: projekta moja ya shule nzima, iliyokuwa ikilala kwenye kabati la ofisi yangu. Ekstensheni moja ya mita tano. Kompyuta mpakato ya Madamu, aliyoinunua kwa mkopo wa SACCOS. Na kishikwambi alichopewa na serikali, miongoni mwa vile vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 kisha vikagawiwa walimu. Waya wa kuunganisha kishikwambi na projekta hatukuwa nao. Madamu alipakua vitabu kutoka maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania akiwa nyumbani kwa bando lake, akaandaa slaidi kwenye kompyuta.

Chumba cha Mkondo B kilikuwa na soketi moja tu, karibu na mlango wa nyuma, ilhali ubao uko mbele. Madirisha manne makubwa yanatazama mashariki, yana nondo lakini hayana mapazia. Saa mbili na nusu asubuhi jua linafika mpaka katikati ya ubao.

Kuhusu umeme, nchi ilikuwa bado kwenye mgao. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulianza kuingiza umeme kwenye gridi Februari. Januari yote, sisi walimu tulipanga kazi zetu tukijua kwamba umeme unaweza kuondoka wakati wowote.

Madamu alikuwa na miaka minne kazini, anafundisha Jiografia, hodari, mwenye sauti na mwenye kupenda watoto. Desemba alikuwa ametoka kwenye mafunzo ya TEHAMA akiwa amewaka. Kwenye PEPMIS, mfumo wa mtandaoni wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, alikuwa ameandika kwamba atatumia TEHAMA katika vipindi vinne kila wiki kuanzia wiki ya kwanza. Mimi niliipitia mipango yake, nikampongeza. Hakuna aliyemuuliza vipindi hivyo vinne vitaanzaje, mlangoni.

Wiki mbili za kwanza

Wiki ya kwanza ilipita kwa shangwe. Watoto wengi hawakuwa wamewahi kuona projekta ikiwaka darasani. Walipiga makofi picha ilipotokea, wakatulia kwa mshangao, na Madamu akaona utulivu ule kama nidhamu. Taratibu za darasa alizieleza siku ya kwanza kwa mdomo, kwa dakika kama kumi: kuingia kwa utulivu, kunyoosha mkono, kutogusa waya. Hakuna hata moja iliyofanyiwa mazoezi.

Wiki ya pili shangwe ikaisha. Wanaobeba projekta wakawa wale waliowahi kukimbia ofisini, na walikuwa wakigombea. Kengele ikilia nusu ya darasa iko nje inasubiri "mashine ije". Mwalimu wa Historia wa kipindi kinachofuata akalalamika kwangu kwamba anakuta madawati yamesukumwa na waya uko sakafuni. Ndipo nikamwomba Madamu ruhusa ya kukaa nyuma ya darasa lake. Alikubali bila kusita.

Siku niliyohesabu dakika

Kilikuwa kipindi pacha, dakika 80, mada mfumo wa jua. Wanafunzi 41.

Saa 2:40 kengele ikalia. Kengele yetu ni rimu la gari lililotundikwa mwembeni. Madamu alikuwa ameshafika mlangoni, kompyuta kwapani. Wanafunzi walisimama, wakasalimia, wakakaa, na baada ya hapo hawakuwa na la kufanya. Saa 2:46 wavulana wawili wakaingia na projekta, mmoja ameikumbatia tumboni, waya wake unaburuzika kwenye kokoto na yule mwingine anaukanyaga. Ekstensheni haikufika. Madawati mawili ya mbele yakasogezwa nyuma ili meza ya projekta ikaribie soketi. Wasichana wanne waliokuwa wamekalia madawati hayo wakabaki wamesimama ukutani na madaftari yao kifuani, na hakuna aliyewaambia wakae wapi.

Picha ilipojaribiwa haikuonekana kwa sababu ya jua. Madamu akafungua mkoba, akatoa kanga, akawaita wasichana wawili waifunge kwenye nondo za dirisha. Ilitosha dirisha moja. Wakati huo kompyuta ilikuwa imeanza kujisasisha yenyewe, na kiduara kilikuwa kinazunguka kwenye skrini mbele ya watoto wote. Saa 2:57 picha ya kwanza ikatokea ukutani: sayari nane, zimefifia, na kivuli cha nondo kikizikata katikati.

Dakika kumi na saba. Niliziandika kwenye daftari langu nikazipigia mstari.

Kilichofuata ndicho kilichonifundisha zaidi. Madamu alianza kueleza, na watoto wote 41 wakainamisha vichwa wakaandika. Hawakutazama picha. Walikuwa wananakili kila neno la kwenye slaidi, pamoja na namba ya ukurasa. Akibofya slaidi inayofuata sauti zinapanda, "Madamu, tunaomba urudi!", anarudi, waliokwisha kumaliza wanaanza kuongea, anakemea, anaendelea, wanamwomba arudi tena. Mvulana aliyekaa mbele yangu alikuwa ameandika "Merc" akaachwa na slaidi. Akaruka mstari, akaandika "Ear" akaachwa tena. Hakunyoosha mkono hata mara moja. Aliacha nafasi tupu kwenye daftari, kwa mpangilio mzuri kabisa, kama mtu anayetarajia kurudi kuzijaza.

Saa 3:31 umeme ukakatika. Dakika 29 zilizobaki Madamu alisoma kwenye skrini ya kompyuta yake iliyokuwa na chaji akaandika ubaoni, na humo ndimo watoto walipoandika kwa utulivu. Kipindi kilipoisha nilikusanya madaftari 41. Maandishi 24 yalikuwa hayajakamilika.

Tulipotoka aliniambia, "Mwalimu, umeme umeniangusha." Nikamjibu kwamba umeme ulichukua dakika ishirini na tisa na bado alifundisha. Zile kumi na saba za mwanzo hazikuchukuliwa na TANESCO.

Tulichoamua na sababu zake

Ijumaa tulilipeleka kwenye Jumuiya ya Kujifunza, vile vikao vya walimu vya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Tulikuwa walimu saba. Nilitaka Madamu mwenyewe aeleze, nikakaa kimya, na alieleza kwa unyoofu kuliko nilivyotegemea.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuiweka projekta kabatini kwa siku kumi za masomo. Mkuu wa shule hakuupenda, kwa sababu Wathibiti Ubora, yaani wakaguzi wa shule, wangeweza kufika na kukuta kifaa hakitumiki, na Madamu alihofia lengo lake la PEPMIS. Sababu yetu ilikuwa moja: hatukuweza kujua kama darasa linashindwa kwa sababu ya mashine au kwa sababu halijafundishwa kuanza kipindi. Kifaa kikitoka, hilo lingeonekana. Mkuu alikubali baada ya kuona namba nilizoandika, na lengo likahesabiwa kuanzia Februari.

Lilionekana siku ya kwanza tu. Bila projekta, Mkondo B bado ulichukua dakika tisa kuanza. Wanaingia, wanasalimia, wanakaa, wanangoja. Kwa hiyo Madamu akaanzisha swali la mlangoni. Monita alipewa karatasi yenye swali moja asubuhi, analiandika pembeni mwa ubao mwalimu wa kipindi kilichotangulia akitoka, na kila anayeingia anakaa na kulijibu kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari kabla ya salamu. Swali fupi, linahusu kipindi kilichopita, na neno gumu la Kiingereza limeandikwa maana yake kwa Kiswahili chini. Wakati wanaandika, Madamu anaita mahudhurio kwa macho akilinganisha nafasi zilizokaliwa na rejesta. Tulichagua swali badala ya kuongeza ukali kwa sababu watoto hawa hawakuwa wakaidi. Walikuwa hawana kazi.

Uamuzi wa pili ulihusu mikono. Tuliunda kikosi cha vifaa cha watoto watano: mbebaji, wa waya, wa pazia, wa madawati na wa kuhifadhi. Kisha tukakifanyia mazoezi makavu, yaani projekta imezimwa, umeme hauhusiki, baada ya vipindi. Madamu anasimama pembeni bila kusema neno, mimi nashika saa. Mara ya kwanza dakika 11. Mara ya pili 8, kwa sababu wa pazia na wa madawati waligundua wenyewe kwamba wanapishana njia moja. Ijumaa yake 5. Tulichora alama kwa chaki sakafuni pa kuweka meza ya projekta, na mita tano nyingine za waya tukazipata kwa fundi umeme wa mtaani. Madirisha mawili ya mbele yalifungwa vitambaa vyeusi alivyoshona mwalimu mmoja wetu, hayo mawili mengine tukayaacha maana watoto wanahitaji hewa.

Uamuzi wa tatu ndio ninaoutetea kuliko yote: picha ikiwa ukutani, peni chini. Slaidi zilipunguzwa kutoka 19 hadi tatu au nne, za picha tupu zenye maneno machache. Maandishi ya kunakili yakarudi ubaoni kwa chaki. Wapo walioona tunarudi nyuma. Lakini mtoto asiye na kitabu chake anategemea daftari lake kwa mtihani, na daftari hilo linajazwa kwa mkono unaojifunza kuandika lugha mpya. Chaki hutembea kwa mwendo wa mkono wa mwalimu, na mkono wa mtoto unaweza kuufuata. Kidole kinachobofya hakina mwendo wowote. Projekta ifanye kile ambacho chaki haiwezi, yaani kumwonesha mtoto wa bara mawimbi, volkano, au pete za Zohali, kisha izimwe.

La nne lilikuwa dogo, kila andalio la somo liwe na mstari mmoja unaosema umeme ukikatika nitafanya nini. Kwa kawaida ilikuwa mchoro kwenye karatasi ya manila uliokwisha kuandaliwa.

Wageni wa wiki ya tatu na ya nne

Hapa ndipo mpango wetu ulipopasuka, na ni kosa letu sote saba, kwa sababu kila mmoja wetu alijua kwamba watoto huja kwa mafungu.

Projekta ilirudi darasani wiki ya kwanza ya Februari. Siku hiyo waliohudhuria walikuwa 57. Kumi na sita kati yao hawakuwapo tulipofanya mazoezi. Kikosi kilifunga mashine kwa dakika sita, nikafurahi. Madamu akasema "Peni chini", peni 41 zikashuka. Zile kumi na sita ziliendelea kuandika.

Karibu yangu alikuwa ameketi msichana aliyeripoti siku mbili nyuma. Alivaa sketi ya bluu na shati jeupe la shule ya msingi aliyotoka, na nembo ya shule ile ilikuwa imebanduliwa, uzi umebaki. Aliinamia kaunta buku lake jipya na kuandika kwa juhudi. Wenzake wawili wakacheka. Akainua kichwa, akaona peni zote ziko chini, akaificha ya kwake mapajani kana kwamba ameiba. Kipindi kizima hakuandika tena, hata Madamu alipohamia ubaoni na wote wakaandika. Alikuwa hajui tena lini inaruhusiwa.

Madamu alimwona. Jioni alikuja ofisini akiwa na machozi machoni, akasema, "Nimetengeneza darasa ambalo mgeni hana pa kuingilia."

Tulirekebisha kwa mambo mawili. Kila anayeripoti alipewa mwenyeji, mwanafunzi wa kukaa naye dawati moja kwa siku tano, kumweleza swali la mlangoni, peni chini, choo kiko wapi, na mwalimu yupi anaitwaje. Mwenyeji hakuchaguliwa miongoni mwa wenye akili sana. Alichaguliwa yule aliyekuwa mgeni wiki iliyotangulia, kwa kuwa bado anakumbuka kilichomtatiza. Pili, kila Jumatatu hadi mwisho wa Februari dakika tano za mwanzo zilitumika kufundisha utaratibu upya kwa vitendo, na waliofundisha ni wale walioripoti karibuni. Yule msichana alimfundisha mwenzake wiki iliyofuata. Nilimsikia akimnong'oneza, "Ukiona ukuta unawaka, usiandike. Ukizima, andika. Basi."

Idadi ilifika 59. Wawili hawakufika kabisa, na ufuatiliaji wao ulihamia kwa mtendaji wa kata.

Kundi la wazazi

Jambo hili lilikwenda sambamba na hayo. Wiki ya kwanza Madamu alifungua kundi la WhatsApp la wazazi, kwa ridhaa yangu. Kati ya familia 61, namba 24 ziliingia. Tangazo likishawekwa kule, sote tulilihesabu kuwa limefika. Likatoka agizo la kila mtoto kuja na karatasi ya manila na kalamu za rangi. Waliokuja mikono mitupu waliadhibiwa kufagia uwanja, na tulipofuatilia tukakuta karibu wote wanatoka kwenye nyumba zenye simu ya kitochi. Tuliwaadhibu kwa simu za wazazi wao.

Baya zaidi lilikuja mwisho wa Februari. Mwalimu mwingine wa mkondo huo alipiga picha karatasi ya alama za jaribio, majina na nafasi, akaiweka kundini. Siku ya pili alikuja ofisini bibi mmoja na bakora yake, ametembea.

"Shikamoo bibi. Karibu uketi," mkuu wa shule alimwambia.

"Marahaba mwanangu. Sikai. Nimekuja kuuliza, mjukuu wangu kawa wa mwisho, au kawa mwizi?"

Mkuu hakuelewa.

"Jirani kanionesha kwenye simu yake. Jina lake lipo, watu wanalisoma dukani. Mimi simu hiyo sina. Mngeniita mkaniambia, ningekuja, kama nilivyokuja leo."

Mkuu alimwomba bibi radhi, mwalimu yule akiwepo. Alama za mtoto ni taarifa zake binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilikuwa imeanza kutumika tangu Mei 2023, na shule hukusanya taarifa za watoto kuliko karibu taasisi yoyote mtaani. Lakini bibi yule hakuhitaji sheria kutuonesha tulipokosea.

Kundi halikufungwa. Lilifanywa la matangazo tu, bila jina wala picha ya mtoto. Kila tangazo likaandikwa kwanza ubaoni na watoto wakalinakili, kisha likatumwa kwa ujumbe mfupi wa kawaida kwa namba zote, na mwisho WhatsApp. Na adhabu kwa kukosa kitu kilichotangazwa kundini ikakoma siku hiyo.

Matokeo hadi Juni

Kufikia mwisho wa Machi kikosi kilikuwa kinafunga mashine kwa dakika nne, darasa likiwa linaandika swali la mlangoni muda huo huo, kwa hiyo kwa kweli hakuna dakika iliyopotea. Matumizi ya projekta yalishuka kutoka vipindi vinne kwa wiki hadi kimoja, mara chache viwili. Nilipokusanya madaftari mwezi huo, saba kati ya 59 yalikuwa na maandishi pungufu, na manne kati ya hayo ni ya watoto waliokuwa wagonjwa. Mwalimu wa Historia hakulalamika tena.

Baada ya likizo fupi, siku ya kwanza, muda ulirudi dakika tisa. Madamu hakugomba. Alirudia mazoezi makavu siku mbili, ukashuka.

Uchambuzi: kilichofaa

Kuondoa kifaa ili kuliona darasa ndicho kilichotufungua macho. Kama tungeongeza ekstensheni na mapazia tu, tungefunga mashine haraka na watoto wangeendelea kungoja. Wiki za mwanzo mwalimu huwa na haraka ya kuonesha kwamba kifaa kinatumika, na mara nyingi haraka hiyo inatoka kwetu tunaosimamia. Lengo la vipindi vinne lilihesabu mashine kuwaka. Halikuhesabu mtoto kuona.

Kufundisha utaratibu kwa vitendo, na kwa kupima muda, kulishika kuliko maelezo ya mdomo. Watoto wa umri huu wanapenda sana kupewa kazi inayoonekana na kuaminiwa kitu cha thamani. Mvulana mbebaji, ambaye walimu wawili walikuwa wameshamwita mtundu, alianza kufika shuleni mapema.

Na mwenyeji. Kama ningeweza kuchukua jambo moja tu kutoka kisa hiki kwenda shule nyingine, ningechukua hilo. Miongozo mingi ya mwanzo wa mwaka huandikwa kana kwamba watoto wote wanaingia siku moja. Kwetu mwanzo wa mwaka una urefu wa wiki saba, na utaratibu unaofundishwa wiki ya kwanza tu unawagawa watoto kati ya waliokuwa na sare mapema na ambao hawakuwa nayo.

Uchambuzi: kilichoshindikana

Kikosi cha kwanza kilikuwa na wavulana wanne na msichana mmoja, na huyo msichana alikuwa wa pazia. Hatukukusudia. Tuliwachukua waliokuwa tayari wanakimbilia mashine, na waliokuwa wanakimbilia ni wavulana. Ilichukua hadi Machi mwalimu mmoja wa kike kulisema kikaoni. Baada ya hapo nafasi zilizungushwa kila mwezi kwa orodha ya rejesta, na yule msichana wa sketi ya bluu akawa wa waya mwezi Aprili.

Kosa la kundi la wazazi lilikuwa kuhesabu kutuma kuwa ni kufikisha. Niliidhinisha kundi bila kuuliza ni familia ngapi haziwezi kuingia, swali ambalo lingejibiwa kwa kunyoosha mikono darasani.

Ambalo halijatatuliwa ni mikondo mingine na masomo mengine. Mkondo B ulikuwa na walimu wanane, na Madamu ni mmoja. Swali la mlangoni lilichukuliwa na wa Historia na wa Baiolojia. Wengine watano kila mmoja alikuwa na namna yake ya kuanza, na mtoto wa miaka 13 alibadilisha utaratibu mara nne tano kwa siku, kwa lugha ngeni. Nilijaribu kulipitisha kama agizo la taaluma mwezi Mei, likapokelewa kwa midomo na kuachwa kwa vitendo, na nadhani walikuwa na haki, maana hakuna aliyewahi kukaa nyuma ya darasa akaliona. Muhula wa pili niliacha agizo nikaanza kuwaalika. Mwalimu wa Hisabati alikuja wiki ya pili ya Julai, akakaa dawati lile lile la nyuma, akaomba nimwazime saa.